Trampolini ndogo sebuleni: Muuzaji hakuambii yote

Ni duara la chuma lenye miguu mifupi sita. Katikati limetandikwa kitambaa kigumu cheusi, kilichovutwa pande zote kwa springi au kamba za mpira. Mtu akisimama juu yake anakuwa ameinuka kama sentimita 25 tu kutoka sakafuni, na akimaliza mazoezi anaweza kuliegemeza ukutani nyuma ya mlango. Wauzaji wa vifaa vya michezo Kariakoo na kwenye kurasa za Instagram wanaliita trampolini ndogo, na matangazo mengi yanaahidi mambo matatu: kitambi kitaisha, magoti hayataumia, na dakika 10 za kuruka zitatosha badala ya nusu saa ya kukimbia.

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam kifaa hiki kinajibu tatizo la kweli. Mfanyakazi anayetoka Posta saa 11 jioni na kufika Mbagala au Kimara giza limeshaingia hana tena mahali pa kukimbilia. Mitaa mingi haina njia ya waenda kwa miguu, bodaboda zinapita ukingoni, na mwanamke anayekimbia peke yake usiku ana hofu nyingine ambayo haihitaji maelezo. Alfajiri nayo ni ya kuandaa watoto. Klabu za jogging zinazoonekana barabarani mwisho wa wiki zimewasaidia wengi, lakini Jumamosi moja haiwezi kubeba wiki nzima.

Haja ya mazoezi ipo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban Mtanzania mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu asilimia 9 walikuwa na kisukari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu ya muda huo kama mazoezi ni makali. Dakika 30 kwa siku tano zinafikisha kiwango cha chini, na zinaweza kufanyika sebuleni wakati wali unaiva.

Kwa hiyo swali la kama trampolini ndogo ni mazoezi halina ubishi mkubwa. Ni mazoezi. Ubishi uko kwenye mambo ambayo tangazo linayaongeza, na kwenye yale linayoyanyamazia.

Ahadi ya "NASA"

Ile hesabu ya dakika 10 kwa nusu saa ina asili yake. Mwaka 1980 jarida la Journal of Applied Physiology lilichapisha utafiti uliohusisha wataalamu wa shirika la anga la Marekani, NASA. Shirika hilo lilikuwa na sababu ya kutafuta mazoezi mazuri, kwa kuwa wanaanga wanaporudi duniani misuli na mifupa yao huwa imedhoofika. Watafiti waliwachukua vijana wa kiume wanane, wakawafunga vipimo kwenye kifundo cha mguu, mgongoni na kichwani, kisha wakalinganisha kukimbia na kuruka kwenye trampolini.

Walichokiona ni hiki. Mtu anapokimbia, mshtuko kifundoni ni zaidi ya mara mbili ya ule unaofika mgongoni na kichwani. Anaporuka kwenye trampolini, mshtuko unagawanyika karibu sawa mwili mzima. Pia kwa mapigo yaleyale ya moyo na hewa ileile anayovuta, mwili ulipata msukumo mkubwa zaidi kwa kuruka kuliko kwa kukimbia. Kutokana na hapo ndipo ilipozaliwa ile asilimia 68 inayozunguka kwenye matangazo, eti trampolini inashinda kukimbia kwa kiasi hicho. Utafiti ulipima nguvu inayopita mwilini kwa vijana wanane wenye afya. Haukupima kitambi cha mtu yeyote.

Kuhusu nishati, kuna kipimo cha karibuni zaidi. Mwaka 2016 Baraza la Mazoezi la Marekani (ACE) lilidhamini utafiti katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-La Crosse. Wanafunzi 24, nusu wanawake, walifanya zoezi la trampolini ndogo la dakika 19. Wanawake walitumia wastani wa kalori 9.4 kwa dakika na wanaume 12.4, kiwango kinachohesabika kuwa mazoezi ya wastani hadi makali. La kuvutia ni kwamba washiriki wenyewe waliona zoezi ni jepesi kuliko vipimo vilivyoonyesha. Kwa mtu anayechukia mazoezi, hiyo ni sifa kubwa kuliko hesabu yoyote ya kalori, kwa sababu zoezi linaloonekana jepesi ndilo linalorudiwa kesho.

Lakini hesabu hiyohiyo inaweka mipaka. Dakika 20 kwa mwanamke ni kama kalori 190, na chapati moja iliyokaangwa kwa mafuta mengi inaweza kuzirudisha zote. Tumbo haliwezi kupunguzwa peke yake kwa kuruka. Mwili huchagua wenyewe wapi patoe mafuta kwanza. Na ile kauli kwamba kuruka "kunasafisha sumu" mwilini haina haja ya kumgharimu mtu shilingi, kwani ini na figo zinafanya kazi hiyo bila trampolini.

Jambo lisiloulizwa dukani

Chukua mfano wa mama aliyejifungua mara mbili au tatu. Trampolini imefika, watoto wamelala, anapanda kwa furaha. Kabla hata ya dakika ya pili anahisi nguo ya ndani imelowa. Hamwambii mtu. Kesho yake anavaa pedi. Keshokutwa anaacha kunywa maji tangu mchana ili kibofu kiwe kitupu. Baada ya wiki mbili trampolini imekuwa mahali pa kuanikia kanga, na nyumbani wanamtania kwamba alinunua kwa mihemko.

Tatizo hilo lina jina na lina tiba. Chini kabisa ya nyonga, kutoka mfupa wa mbele hadi kwenye kifandugu, imetandazwa misuli inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mtu anapotua kwenye kitambaa, uzito wa tumbo zima unaishukia kwa ghafla. Ikiwa imelegea, haiwahi kufunga njia ya mkojo, na matone yanatoka. Ndiyo sababu wenye tatizo hili hulowa pia wanapokohoa, kupiga chafya, kucheka sana au kunyanyua ndoo ya maji.

Ujauzito na kujifungua ndivyo vinavyoilegeza zaidi, na aliyejifungua kwa upasuaji hajaepuka, kwani miezi tisa ya kubeba mimba imeshaivuta misuli hiyo. Umri wa kukoma hedhi, unene na kikohozi cha muda mrefu huongeza. Hata hivyo haiwapati waliozaa tu. Watafiti wa Uswidi waliochapisha kazi yao mwaka 2002 waliwauliza wasichana na wanawake vijana 35 wa michezo ya trampolini ya ushindani, wote hawajawahi kuzaa. Asilimia 80 walisema huvujisha mkojo wakiwa mazoezini. Hao huruka juu sana kwenye trampolini kubwa, tofauti kabisa na mama wa sebuleni, lakini majibu yao yanatosha kuonyesha kwamba kulowa si alama ya uchafu wala uzee.

Kinachosaidia ni kuifanyia mazoezi misuli hiyo kabla ya kuanza kuruka. Mwanamke hukaa au kulala, kisha anakaza kama anayezuia mkojo na hewa kwa wakati mmoja, bila kubana makalio, mapaja wala pumzi. Anashikilia kwa sekunde chache, akizoea afike 8 hadi 10, analegeza kabisa kwa muda uleule, kisha anarudia. Wataalamu wanashauri mikazo isiyopungua minane, mara tatu kwa siku, kwa angalau miezi mitatu. Kulegeza ni muhimu kama kukaza. Na zoezi hili lisifanywe kila mara kwa kukatisha mkojo chooni, kwa sababu kibofu kinaweza kuzoea kutomaliza haja.

Akiwa juu ya trampolini, aanze na mdundo ambao nyayo hazibanduki kwenye kitambaa, na akaze kidogo kabla ya kila kushuka. Miruko ya kutanua miguu huleta matone mapema kuliko ya miguu iliyokaribiana, hivyo iachwe kwanza. Kuacha kunywa maji hakusaidii. Mkojo mzito hukera kibofu, na kutoka jasho bila maji katika joto la Dar es Salaam ni kutafuta kizunguzungu.

Mama aliyejifungua karibuni asubiri. Wataalamu wa fiziotherapia hushauri mazoezi ya kuruka na kukimbia yasianze kabla ya miezi mitatu, na hata hapo ni kwa ambaye halowi na hasikii maumivu. Mwanamke anayehisi uzito ukeni, au kama kuna kitu kinashuka, ashuke kwenye trampolini na aende hospitali, maana inaweza kuwa dalili ya kizazi kushuka. Huduma ya fiziotherapia ipo katika hospitali kubwa kama Muhimbili na KCMC, na tatizo hili si geni kwao. Ugumu uliobaki ni kulitaja tu, na daktari wa kituo cha afya akitajiwa anaweza kuandika rufaa.

Kabla ya kulipa

Kitu cha kwanza kuuliza ni uzito ambao kifaa kinaruhusu, na jibu lisomwe kwenye lebo au kijitabu chake. Neno la muuzaji halitoshi. Nyingi huandikwa kilo 100, nyingine 120 au 150. Mtu wa kilo 95 asinunue ya kilo 100. Anapotua, nguvu inayokandamiza kitambaa huzidi mara kadhaa uzito alioupata kwenye mizani, na springi zilizovutwa hadi mwisho kila siku hulegea upesi. Zaidi ya hapo, kitambaa kikizama sana mtu hupinda kifundo, na kikiwa chini mno anaweza kugonga sakafu.

Kisha apime dari, jambo ambalo wengi hulikumbuka baada ya kugonga kitu. Mtu wa sentimita 170 akisimama juu ya kitambaa kilichoinuka sentimita 25 kichwa chake kiko sentimita 195. Akiruka 15 tu, kiko 210. Akinyoosha mikono juu, vidole vinapita 250. Katika nyumba nyingi pangaboi linaning'inia hapohapo au chini ya hapo. Trampolini isiwekwe chini ya pangaboi hata kama limezimwa, kwa kuwa kuna siku mtoto atawasha. Iwekwe pia mbali na kabati la vyombo, televisheni na kona ya meza, angalau hatua moja kubwa kila upande.

Kati ya springi na kamba za mpira, zote zinafanya kazi. Springi za chuma hurudisha mdundo kwa haraka na kwa ukali kidogo, na kwa kawaida ni za bei nafuu. Kamba za mpira ni laini, zinashuka taratibu na hazipigi kelele, hivyo mwenye magoti au mgongo unaosumbua, au anayeishi ghorofani juu ya majirani, atazipenda zaidi. Bei yake huwa juu, na kamba huchakaa, kwa hiyo muuzaji aulizwe kama ana za kubadilishia. Ukanda wa pwani una adui wa ziada: hewa ya chumvi inakula chuma. Springi ya kutu huanza kwa kulia, halafu hukatika siku mtu yuko juu. Trampolini ya kuachwa kibarazani Kigamboni haitadumu kama ileile iliyowekwa ndani Dodoma.

Springi lazima zifunikwe na kitambaa cha pembeni kilichofungwa imara, vinginevyo kidole cha mguu kitaingia siku moja. Miguu ya kifaa iwe na soli za mpira, hasa kwa nyumba zenye marumaru, na chini yake hutandikwa mkeka wa mazoezi usioteleza. Jamvi la kawaida linateleza pamoja na trampolini. Aina zinazokunjwa zina manufaa kwa chumba kimoja, lakini bawaba zake zikaguliwe, na wakati wa kukunjua wawe watu wawili. Springi zilizovutwa zinaweza kufyatuka na kumpiga usoni anayekunjua peke yake.

Kwa anayeanza, mwenye uzito mkubwa, au mwenye umri uliosogea, mshikio wa mbele ni wa lazima. Uwe umefungwa kwa skrubu kwenye fremu mahali pawili, na ukitikiswa dukani usicheze. Mnunuzi anayetaka ya mtumba apande mwenyewe kabla ya kutoa fedha: asikilize milio, ahesabu kama springi zote zipo, na aangalie mishono inapokutana kitambaa na springi, kwa kuwa hapo ndipo huanza kuchanika. Picha nzuri ya mtandaoni haionyeshi mshono.

Wiki za kwanza

Wanaoumia mara nyingi ni wale wanaoanza kwa kuruka juu. Zoezi zuri la trampolini ndogo linasukuma kwenda chini: magoti yamelegea kidogo, macho mbele, kisigino kinakandamiza kitambaa, na miguu inaondoka sentimita chache au haiondoki kabisa. Dakika tano zinatosha siku ya kwanza. Wiki ya pili zinaweza kuwa 10, kisha kuongezwa taratibu hadi 20 au 30, zikigawanywa asubuhi na jioni kwa asiye na muda.

Kipimo cha ukali hakihitaji saa ya gharama. Anayefanya mazoezi ya wastani anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akishindwa hata kumaliza sentensi, apunguze.

Peku ni salama, viatu vya raba vyenye soli safi ni salama, soksi tupu ni za kuteleza. Wanawake wahitaji sidiria ya mazoezi inayobana vizuri, na khanga au dera lipumzike, kwani pindo likikanyagwa hakuna cha kushika. Kushuka ni kwa hatua, mguu mmoja baada ya mwingine. Asiyezoea atashangaa jinsi sakafu inavyokuwa ngumu na miguu mizito kwa sekunde kadhaa, na wengi huanguka hapo, zoezi likiwa limeshakwisha.

Wapo ambao hawapaswi kupanda bila kumwona daktari: wajawazito, wenye presha isiyodhibitiwa, wenye kizunguzungu, waliofanyiwa upasuaji karibuni, waliowahi kuvunjika kwa mifupa dhaifu, na wagonjwa wa kisukari ambao nyayo zao zimepoteza hisia. Huyu wa mwisho anaweza kujichubua na asijue hadi kidonda kiwe kikubwa.

Wazee hawajafungiwa mlango. Utafiti wa Austria uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuata kwa wiki 12 wanawake wa umri mkubwa ambao mifupa yao imeanza kupungua uzito. Waliofanya mazoezi ya trampolini ndogo waliboresha mizani ya mwili, mwendo na nguvu za miguu, na hofu yao ya kuanguka ikapungua. Walifanya chini ya uangalizi. Kwa bibi wa nyumbani hiyo maana yake ni mshikio, mtu kando yake, na kutembea tu juu ya kitambaa bila kuruka.

Watoto ndio kazi. Mama akishuka, wao wamepanda, na kwa kawaida si mmoja. Chama cha Madaktari wa Watoto wa Marekani, ambacho kwa miaka mingi kimepinga trampolini za kuchezea nyumbani, kinaeleza kwamba takriban robo tatu ya majeraha hutokea watu zaidi ya mmoja wanaporuka pamoja, na anayeumia zaidi ni mdogo kuliko wote, kwa kuwa mkubwa akitua humrusha yeye. Watoto wa chini ya miaka sita wasipande kabisa. Kwa familia yenye watoto wadogo, kigezo cha kukunjika kinapanda hadi juu ya orodha: zoezi likiisha, trampolini inakunjwa na kuingia chumba cha wazazi, nyuma ya kabati, na mlango unafungwa. Kabla ya kuikunjua tena kila wiki, vidole vipitishwe kwenye springi moja moja kutafuta kutu, na skrubu za miguu zikazwe.